Pikapu Inayotaka Kusemezwa

"Umenitolea pampu nzima, umenitia mbovu! Mwizi wewe! Sikupi hata punje ya ufuta!"

Huyo ni Mzee Bilali, anafoka mbele ya gereji ya Harithi hapa Nachingwea, na wateja wangu wa chapati wote wamegeuza shingo. Malipo waliyokubaliana ni sado mbili za ufuta, zile ndoo ndogo za kupimia sokoni. Harithi alishabadili plagi, akaosha kabureta, akatia pampu mpya, na ile Datsun ya zamani bado inazima njiani.

Bilali namjua tangu tukiwa kijijini Mkotokuyana. Mtu mwema, ila mbishi wa kubishana na mvua. Pikapu yake imebeba wagonjwa wetu, maharusi wetu na maiti zetu, na hajawahi kumdai mgonjwa nauli. Huiosha kabla hajaoga mwenyewe. Mkewe, Saada, husema ameolewa uke wenza na bati.

Siku hiyo Saada alikuwa amechoka kusukuma. "Fundi, uwe shahidi. Leo tunapeleka ufuta Ruangwa. Gari lisipofika, linauzwa chuma chakavu. Mnunuzi nimeshaongea naye."

Bilali akanywea. Harithi naye hakutaka jina la mwizi limkae. Akauliza, "Mzee wangu, ikizima huwa unafanyaje? Nipe hatua kwa hatua."

"Nashuka. Nafungua tangi, nachungulia, petroli ipo. Nafunga. Halafu naisemeza: mama, usiniaibishe. Nikiwasha, inawaka. Gari langu linataka heshima, fundi, si spana."

"Basi leo naja nawe. Ikizima, isemeze tu. Usiguse kitu kingine."

Nikapanda nyuma, juu ya magunia. Nilikuwa na shida yangu Ruangwa, lakini hata bila shida ningepanda.

Kwenye kilima kimoja pikapu ikakohoa, ikazima. Bilali akashuka, mkono moja kwa moja kwenye tangi. Harithi akaudaka.

"Semeza."

"Mama, usiniaibishe." Akapiga selfu. Inalia tu, injini haiitiki. Akaisifia rangi. Akaisomea dua. Akaiahidi matairi mapya.

"Mimi kanga moja sijaiona tangu Idi," akasema Saada, "mwenzangu anaahidiwa matairi manne!" Akatoa simu ampigie mnunuzi.

"Mama Raudha, mke wangu, subiri kidogo." Sauti ya Bilali ilikuwa imepungua mpaka nikamhurumia, na mimi si mwepesi wa huruma.

Hapo Harithi akafungua kifuniko cha tangi. Tangi likavuta pumzi, fyuuu! "Washa, mzee." Ikawaka.

"Kifuniko hiki umekitoa wapi?"

Bilali akajivuna. "Nimechongesha. Vijana walikuwa wananinyonyea petroli. Nikatia mpira wa tyubu mara mbili, na kufuli juu. Hata sisimizi hapiti!"

"Hata hewa haipiti," akasema Harithi.

Mpishi yeyote anajua: kopo la mafuta ukilitoboa tundu moja, mafuta yanagoma kutoka mpaka utoboe la pili, hewa iingie. Tangi lake nalo lilikuwa limekabwa koo. Kila akifungua kuchungulia, linapumua, gari linawaka, na yeye anadhani ni utamu wa maneno yake.

"Nipeni msumari na nyundo," akasema Harithi.

"Usitoboe! Kifuniko kizima? Wezi je?"

Saada akainua simu sikioni.

"Toboa," akasema Bilali, akageukia porini asione.

Tukafika Ruangwa bila kikohozi hata kimoja. Kabla hajaulizwa, Bilali akafungua gunia, akapima ufuta sado mbili, akizipangusa juu kwa kiganja zilale sawa. Saada akamnyang'anya kipimo, akaongeza mpaka kila sado ikasimamisha kilele.

"Kilele hatukukubaliana," Bilali akanung'unika.

"Sado ni za kazi," akasema Saada, akimsogezea fundi mfuko. "Kilele ni cha kumwita mwizi."