Nguru Si Sukari

Harufu ya molasi hunitapisha hadi leo. Kwa mtu aliyeolewa Matungu hiyo ni balaa, maana huku hata nguo zikikaushwa nje zinarudi na harufu ya miwa. Sikuzaliwa nikiichukia. Nilianza kuichukia nikiwa na mimba, na asubuhi yenyewe naikumbuka.

Kabla ya mimba nilikuwa na kinyaa kingine, cha mwili wangu mwenyewe. Hedhi ilikuja ikipenda, ikishatoroka haionekani kwa miezi. Ndevu zilinimea kidevuni, ngumu, nikawa nazing'oa kwa kibano mlango ukiwa umefungwa. Daktari alisema ovari zangu zimejaa vifuko vidogo vidogo na homoni zimevurugika. Wake wa mashemeji zangu hawakuhitaji daktari. Walinitazama kidevu, wakatazama tumbo, ndipo wakanisalimia. Mmoja aliuliza jikoni, nami namsikia, kama shemeji yao alioa mwanamke au mwanamume mwenzake. Mimba ilipoonekana ni hao hao waliokuja kunipapasa tumbo kwa mikono yenye mafuta ya maandazi, wakisema Mungu ni mwema. Nilioga mara tu walipoondoka.

Kliniki walininywesha maji ya glukosi, matamu mpaka yanakwama kooni, kisha wakanipima damu. Nilikuwa na kisukari cha mimba. Daktari hakushangaa. Alinieleza kwamba wanawake wenye ovari kama zangu mara nyingi miili yao haiitikii insulini vizuri, na mimba ikiingia mambo huzidi. Nipunguze wanga, niache vitamu, nijidunge kidole na kupima. La sivyo mtoto angekua kupita kiasi, au angetufia tumboni. Sikuwa na mwingine. Huyu nilikuwa nimemngoja hadi nikaacha kumwomba kwa sauti.

Mume wangu alimpigia mama yake simu tukiwa bado langoni mwa hospitali. Alichosema ni hiki tu: "Mama, sukari imepanda."

Mama mkwe wangu ni mkulima wa miwa. Alimshukuru Mungu na kukata simu. Tulipofika nyumbani tulikuta majirani wamekaa uani wakingoja kusikia kiwanda kitalipa bei gani. Ilibidi mume wangu asimame mbele yao kama mhubiri na kueleza kwamba iliyopanda ni ya damu, ya mke wake. Wakageuka wote kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke, na si mimi nimezwe bali wao.

Mama mkwe aliogopa kweli. Jioni hiyo alitoa kopo la sukari nyumbani akampa jirani, na wageni wakaanza kunywa chai chungu katikati ya mashamba ya miwa. Akasema uji wangu wa asubuhi ataupika mwenyewe, wa wimbi, wenye ndimu. Siku zile kinywa changu kilikuwa na ladha ya chuma, hata ugali nikila ni kama nalamba msumari. Nilikuwa nakunywa tu, nikishukuru.

Lakini kila nilipopima baada ya uji, sukari ilikuwa juu. Nilipunguza ugali ukabaki tonge. Nikakonda mashavu, tumbo likabaki peke yake. Daktari alitazama vipimo, akatabasamu kama askari aliyemshika mwizi wa kuku, akaniuliza ninakula nini kwa siri. Nilimchukia yeye na meno yake. Usiku nililala mkono tumboni nikingoja mtoto acheze, na asipocheza naanza kulia.

Asubuhi moja nzi walikuwa wengi mno mlangoni mwa jiko, nikaingia nione kuna nini. Mama alikuwa kwenye kigoda, ameshika bonge la sukari nguru, nyeusi, lenye harufu ya molasi, ile wanayoipika kwenye vinu vya kijijini na wapika pombe ya chang'aa kuinunua. Lilikuwa limegandiwa na gazeti kuukuu, na nyuki amefia humo, miguu juu. Alikuwa analikwangua kwa kisu ndani ya sufuria ya uji wangu.

Hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. Niliuliza ile ni nini.

"Nguru tu," alisema. "Si sukari. Sukari ni ile nyeupe ya duka, na hiyo niliitoa kwa hii nyumba. Hii inatokanga kwa miwa yetu tu. Umekonda, mwanangu. Mtoto atakula nini?"

Nilitapika pale pale, nusu kwenye ndala zake. Kisha nikachukua sufuria nikawamwagia kuku uji wote, yeye akitazama. Chakula cha mama mkwe hakimwagwi. Nilikimwaga, nikamwambia ananiulia mtoto. Alitafuta kitambaa akaanza kupangusa sakafu.

Vipimo vilishuka. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, mvulana mzito, mzima. Lakini hakukaa sana akaanza kutetemeka. Muuguzi alimdunga kisigino na kusema sukari yake imeshuka mno: alizoea ya kwangu, na sasa imekatika. Anyonye, au anyweshwe, sasa hivi. Sikuweza kuketi. Nilijikamua matone mazito ya manjano kwenye kikombe kidogo, mama mkwe akakipokea ampelekee mtoto kitandani pake, hatua chache tu.

Njiani alichovya kidole, kile chenye ugoro chini ya ukucha, akakilamba. Akasimama, akafunika kikombe kwa kiganja.

"Mwanangu," alisema, "hii maziwa ni tamu. Tusimpe."

Mtoto alikuwa anatetemeka nyuma yake. Nilitaka kupiga kelele, na mshono ukanikataza.

"Mpe, mama," nikasema. "Huo utamu ndio anaoutaka."

Alinitazama kama anayetegwa. Kisha akachota kwa kijiko, akainama, akamtilia mtoto mdomoni tone moja moja.