Makufuli ya Védaste

Tuseme ukweli: Védaste Hitimana alikuwa mtu wa kufunga. Chumba chake cha kupanga kule Rugerero kilikuwa na makufuli matatu kwenye mlango ambao mbuzi angeuangusha kwa chafya. Kila asubuhi mtu wa moto, ile pikipiki ya abiria, alimngoja injini ikiunguruma, yeye anashuka tena kwenda kuvuta kila kufuli aone kama limeshika. Siku alipougua tulikwenda kumwona. Ndani kulikuwa na godoro, sufuria, na viatu vya kuazima.

Kampuni yetu iko ghorofani juu ya duka la vitenge. Tunauza mashine moja ambayo ndani yake zinaishi kompyuta nyingi za kuwaziwa tu, na kila moja inaamini ina kadi yake ya mtandao. Kadi hiyo haipo. Ni programu, tunaiita draiva, inayopokea pakiti za data huku na kuzipeleka kule. Aliyeiandika ni Védaste, akiwa bado kwenye miezi ya majaribio. Ijumaa kliniki moja ingekuja kuijaribu. Ikifaulu, anapewa mkataba. Ikishindwa, anarudi Mahoko kuuza makava ya simu kwenye meza ya shemeji yake, ambaye alikuwa ameshamwekea stuli.

Tatizo ni kwamba mashine ilikuwa inaganda. Ndani ya draiva kazi kadhaa hukimbia pamoja, na zikigusa kitu kimoja mara moja zinakiharibu. Kwa hiyo unaweka kufuli la programu: moja iingie, nyingine ingoje. Védaste aliyaweka kama mtu anayetia chumvi gizani. Kazi ya kupokea imeshika kufuli la kwanza, inangoja la pili. Kazi ya kutuma imeshika la pili, inangoja la kwanza. Zinangojana kwa adabu mpaka mtu achomoe umeme.

Jumatano bosi wetu Derek, aliyekulia Kampala na ambaye Kiswahili chake chote ni amri, aliwasha projekta akaita ofisi nzima.

"Soma," alimwambia Védaste. "Kila kufuli, tuambie iko ya nini."

"Hii, shefu, ni kama pakiti mbili zikiingia mara moja."

"Ziliwahi kuingia?"

"Hapana. Niliogopa."

"Na hii ya chini?"

"Ni kama ile ya juu itashindwa."

"Kwa hiyo umefunga kufuli ndani ya kufuli."

"Niliogopa, shefu."

"Yewe!" alidakia Mucyo, yule wa mauzo. "Huyu akioa, bibi atamufungia mu sanduku!"

"Bibi gani?" mwingine akaongeza. "Nani atapita ule mulango?"

Tulicheka mpaka wa duka la vitenge wakagonga dari. Igihozo, dada aliyekulia Tanzania, ndiye alikuwa kwenye kibodi. Kila "niliogopa" ikitamkwa, anafuta. Yaliyobaki aliyapanga: kufuli kubwa lishikwe kwanza, dogo baadaye, kila mahali bila kubadilisha.

"Ukifuata mpangilio mmoja, kaka Védaste, hazitangojana tena," alisema. Na alisema kweli.

Wakafika kufuli la mwisho, dogo, pale kadi inapozimwa. Derek akauliza, "Na hii?" Védaste akafungua mdomo. Mucyo akamtangulia kwa sauti ya mtoto wa shule ya chekechea:

"Niliogopa, shefu!"

Ofisi ikapasuka. Hata Védaste alicheka, kicheko cha mbwa anayemtikisia mkia mtu mwenye fimbo.

"Toa," Derek akasema.

Igihozo alimgeukia Védaste. "Una hakika, kaka?"

"Toa tu, dada."

Alhamisi mashine ilikimbia kutwa nzima bila kuganda. Derek alitununulia brosheti, yaani mishikaki. Védaste alipata ile yenye mafuta matupu, akashukuru.

Ijumaa mtu wa kliniki, Onésphore, mzee mpole, alituma mafaili makubwa, na kabla hayajafika akazima mojawapo ya zile kompyuta za ndani, kama mtu yeyote anavyofanya. Mashine yote ikaanguka, skrini nyeusi. Kazi ya kuzima, isiyo na kufuli tena, ilikuwa imeitupa pakiti ambayo kazi ya kupokea ilikuwa bado inaisoma.

"Bon," alisema Onésphore akichukua koti. "Mutatuita ikipona."

Derek hakupiga kelele.

"Draiva ni ya nani?" aliuliza.

Sote tuliangalia viatu. Védaste akanyoosha mkono, kama darasani. Saa ya chakula alikuwa kwenye basi la Mahoko.

Jumatatu Igihozo alilirudisha lile kufuli dogo, na mashine haijaanguka tena. Kliniki wamenunua. Mchana wa Jumatatu hiyo alimpigia Védaste. Simu yake inavuja sauti, na kiti changu ni cha pili.

"Kaka, lile la mwisho. Ulijuaje?"

"Ile niliiona." Nyuma yake mtu alikuwa anabishana juu ya kava. "Mashine ilianguka mbele yangu, mwezi wangu wa kwanza kazini. Nikatafuta mpaka nikapata. Zingine zote niliogopa. Ile, hapana."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Mulikuwa munacheka, dada."

Igihozo akakata simu. Derek, bila kuinua kichwa, akauliza jamaa anasema nini.

"Anakusalimia."