Kesi ya Bi Mkubwa na Mafuta Yake

Fundi mapazia alikuwa na wake wawili. Ndivyo mkewe alivyopenda kuwaambia watu. Yeye mwenyewe alikuwa bi mdogo. Bi Mkubwa alikuwa gari, kuukuu, la rangi ya maziwa, buti lake limefungwa kwa kipande cha utepe wa pazia, na harufu ya vitambaa vipya imeshaingia hadi ndani ya viti. Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Pazia, alilipenda gari lile kupita kiasi. Alilisalimia asubuhi. Likikohoa, aliliambia pole.

Kilichomchoma ni lile neno kwamba Bi Mkubwa anakunywa mafuta. Aliyelileta neno hilo nyumbani ni shemeji yake, kaka wa mkewe, dalali wa magari anayeweza kukuuzia gari lako mwenyewe na bado ukamshukuru. Shemeji alikuwa amekuja kukaa nao mpaka mambo yake yakae sawa, na mambo yenyewe hayakuwa na haraka. Kila jioni alikaa kwenye kiti cha Pazia, akanyoosha miguu, akaeleza jinsi magari ya siku hizi yanavyonusa tu mafuta na kwenda. Mama mkwe, aliyekuja kwa wiki mbili na sasa alikuwa na kabati lake, aliitikia kwa kichwa.

"Kila wiki tenki linajazwa," alisema shemeji. "Na kutoka hapa hadi dukani kwako ni pua na mdomo. Shemeji, hilo si gari, ni mlevi."

Kumbe alikuwa ameshampata na mteja. Angekuja Jumamosi kulitazama.

Mke wa Pazia ni muuguzi, na hampi mtu dawa kwa kusikia maneno ya jirani. "Lipimwe kwanza," alisema. "Tujaze tenki mpaka juu, tutembee, tujaze tena, tuone limekula kiasi gani. Likiwa linakunywa kweli, liende. Kama halinywi, kaka, sitaki kusikia habari hizi tena mezani kwangu."

Pazia alikubali shingo upande, kwa sababu, tuseme ukweli, hata yeye aliamini linakunywa. Siku zote alikuwa akimtetea Bi Mkubwa kama baba anayemtetea mtoto mdokozi: kwa sauti kubwa na bila kuuliza maswali.

Wakaenda kituo cha mafuta. Mhudumu akajaza mpaka pampu ikakata yenyewe, mita ya kilometa ikarudishwa sifuri, safari ikaanza. Mama mkwe naye alikuwemo, maana alisikia neno safari akawa ameshavaa. Shemeji akataka vioo vifungwe, eti upepo unaharibu vipimo. Basi wakapikwa humo ndani wote wanne hadi mji wa pili na kurudi, mama mkwe akijipepea kwa sahani ya plastiki na kuuliza kila baada ya muda kama wameshapima.

Waliporudi kituoni, shemeji alishuka kabla gari halijasimama. Pampu ilipokata, akashika ukingo wa gari akaanza kulitikisa.

"Hewa itoke," alisema. "Tenki lina hewa."

Sasa, kila mwenye gari anajua mchezo huu. Ukilitikisa gari, mafuta yanashuka na tenki linapokea mengine. Mhudumu naye, kijana mkarimu, akashika upande wa pili. Gari likayumba. Mama mkwe, ambaye hakuna aliyekumbuka kumteremsha, akapita dirishani akienda kushoto, akapita tena akienda kulia, sahani ingali mkononi.

"Kaka," alisema muuguzi, "mwanzoni tulilitikisa?"

Shemeji akajifanya hamnazo.

"Nauliza. Tulilitikisa?"

"Mwanzoni halikuwa na hewa."

Muuguzi akaamua kesi ianze upya. Kwa kuwa tenki limeshatikiswa, wahesabu kuanzia hapo, na kesho litikiswe tena vilevile, wala si zaidi. Mama mkwe akasema kesho yeye atabaki nyumbani, kichwa kinamzunguka.

Kesho yake wakaenda na kurudi, safari hii vioo wazi. Wakati wa kutikisa, shemeji alitikisa kwa mwili mzima, na Pazia alitikisa kama mtu anayembembeleza mtoto, mpaka muuguzi akawatoa wote wawili akatikisa mwenyewe. Pampu ikakata. Shemeji akapiga hesabu kwenye simu. Akafuta. Akapiga tena.

"Kilometa kumi na mbili kwa lita," alisema kwa shida. "Hata gari langu nililouza halikufika hapo."

Pazia alifurahi kupita maelezo. Alibusu boneti, akaungua midomo, akabusu tena. Akampa mhudumu mkono, akampa mkono na mteja wa pikipiki asiyemjua. Alikuwa bado anacheka aliposikia mkewe akiuliza, kwa upole kabisa:

"Basi yale ya kila wiki yanakwenda wapi?"

Mhudumu akainama akachungulia chini ya gari. Pakavu. Akainuka akamtazama Pazia. Shemeji naye akamtazama. Dakika ile Pazia alitamani gari lingekuwa limelewa kweli.

"Huwa naipasha moto injini," alisema.

"Saa ngapi?"

"Jioni. Nikifunga duka."

"Shemeji," alisema dalali, karibu kwa huruma, "injini hupashwa moto asubuhi."

Siku iliyofuata, Pazia alipokuwa akifunga duka, alimkuta mkewe amesimama mlangoni na sare zake za kazini. Alipanda mbele, akafunga mkanda.

"Leo nataka nimwone," alisema.

"Nani?"

"Huyo unayemzungukia kila siku ukiniambia wateja wamekuchelewesha. Nenda kama unavyokwenda siku zote. Usibadilishe kitu."

Pazia akawasha gari, akawasha na redio. Akapita sokoni, akaishika barabara pana inayouzunguka mji, mwendo wa taratibu, kiwiko dirishani. Walipofika njia panda ya nyumbani alipunguza mwendo. Kutoka pale dirisha la sebule lilionekana vizuri, na ndani yake nyayo mbili za shemeji juu ya stuli. Pazia akazitazama, akanyoosha, akaanza mzunguko wa pili.

"Yuko wapi?" aliuliza mkewe.

"Hakuna mtu, mke wangu. Ni mimi tu." Akapunguza sauti ya redio. "Mle ndani sina pa kukaa. Hapa nakaa."

Mkewe alikuwa amekuja na hasira yake yote, ameipanga tangu asubuhi, na sasa haikuwa na pa kwenda. Kisha ikampata nyingine, mpya kabisa.

"Na mimi je?" alisema. "Siku zote hizi una redio, una upepo, unatembea. Mimi niko kule najibu maswali ya mama. Hukuona hata siku moja uje unichukue?"

Pazia aliona aibu ya kweli. "Nilidhani utacheka," alisema.

"Mteja wa Jumamosi, kaka amtafutie gari lingine," alisema mkewe.

Wakafika tena njia panda. Pazia akapunguza mwendo, akawasha taa ya kukata kona kuelekea nyumbani. Mkewe akanyoosha mkono akaizima.

"Nyoosha," alisema, akavua viatu vyake vya kazini.