Ndiyo Niliyoisema Sokoni Nuu

Baba yangu alikuwa na Msomali wake. Ndivyo tulivyosema nyumbani, "Msomali wetu," kama mtu anavyosema shamba letu au mbuzi wetu, na mwenyewe alicheka aliposikia. Kila kiangazi alikuja na ng'ombe kutoka upande wa mto Tana, akapita kwetu Nuu akielekea masoko ya Kitui. Kwao hasa kulikuwa mbali zaidi, ng'ambo ya mpaka, katika nchi iliyotawaliwa na Mtaliano. Alikuwa mrefu, ndevu zake amezitia hina, na alimwita baba "mzee wangu" ingawa sidhani walipishana hata miaka mitano.

Urafiki wao ulikuwa wa maji. Kwetu mto ni mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka, na kila boma lina kisima chake kilichochimbwa mchangani na kuzungushiwa miiba. Mgeni mwenye mifugo hawezi kunywesha mpaka mwenye kisima ashuke mwenyewe, achote kibuyu cha kwanza, aonje kidogo, kisha ampe mgeni mkononi. Baada ya hapo hakuna wa kumuuliza kitu. Ni mtu wa kisima hicho mpaka aondoke. Bila kibuyu hicho, hata akifa kiu kando ya maji, maji hayamhusu. Baba alimchotea Msomali wetu tangu nikiwa mtoto mdogo. Na ule mwaka nzige walipomaliza kila kitu, ni yeye aliyetuachia ng'ombe wa maziwa mpaka mvua iliporudi. Mimi ndiye niliyeyanywa maziwa hayo kuliko wote, kwa kuwa nilikuwa mgonjwa.

Nayasema haya mapema ili asiwepo wa kunitetea baadaye kwamba sikujua.

Mtaliano alipoingia Uhabeshi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Misheni ilinifunza kusoma, nami nikawa nawafunza watoto wadogo herufi zao, na mkuu wa shule alinipa magazeti ya Kiswahili yakishachakaa mikononi mwa wengine. Wanawake wa rika langu waliojua kusoma ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vikabaki. Nilidhani jambo hilo lingenipa heshima. Lilinipa kazi ya kuwasomea wanawake wenzangu barua za waume zao walioko Nairobi, basi. Wanaume walipozungumza mambo ya nchi, mimi nilikuwa wa kuleta uji na kuondoka.

Halafu akaja mwenye kofia. Alikuwa mtu wa kwetu, aliyembebea Mwingereza mizigo katika vita vya kwanza huko Tanganyika, akarudi na kofia ya askari na sauti kubwa. Alitaka kuingia baraza la wenyeji. Watu walikuwa na hasira mwaka ule, na hasira zao zilikuwa za haki: mvua ilikosa mara mbili, kodi haikukosa hata mara moja. Angeweza kuyasema hayo. Lakini kumsema bwana DC kulikuwa na jela ndani yake, na kumsema Msomali hakukuwa na kitu.

Hakujua kusoma. Siku ya soko alinijia mbele ya watu, akanipa mkono kama mtu mkubwa mwenzake.

"Wewe mwalimu, kuja na hiyo karatasi yako," aliniambia. "Leo watu watasikia sauti yako."

Mwalimu! Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo mbele ya wanaume.

Nikapanda juu ya sanduku kando ya duka la Mhindi, nikasoma. Gazeti lilisema kwamba mkubwa wa Mtaliano husimama mbele ya umati huko kwao, akiwaambia wameonewa, kwamba ardhi ya jirani ni haki yao, na umati humshangilia. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Tuliwaona wajinga kweli, watu wa kudanganywa mchana kweupe. Kisha nikasoma kwamba Wasomali wengi wa upande ule walikuwa wakikimbia wasitiwe jeshini, wakivuka mpaka na mifugo yao kutafuta amani. Ilikuwa mistari minne tu, chini ya ukurasa, na chini yake tangazo la sabuni.

Mwenye kofia hakuningoja nimeze mate.

"Mmesikia? Wanavuka! Wametumwa na nani? Si Mtaliano? Leo wanakuja na ng'ombe, kesho watakuja na bunduki. Kila kiangazi wanatembea hapa wakiangalia visima yetu. Maji ya Mkamba ni ya Mkamba!"

Umati ukavuma. Akanigeukia akiwa bado ameinua mkono.

"Mwalimu, si ndivyo imeandikwa? Si inasema hawa ni wapelelezi?"

Soko zima likanitazama mimi. Walikuwapo wazee. Alikuwapo mume wa dada yangu, aliyewahi kusema kusoma kwangu ni kumaliza mafuta ya taa bure. Na nyuma kabisa nilimwona baba, amenyoosha shingo asikose neno la binti yake. Ulimi hauna mfupa. Nikasema, "Ndiyo."

Wanawake walinipigia vigelegele. Sitawaficha, ilikuwa tamu. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, na jioni ile baba aliniwekea kigoda karibu naye, mahali ambapo kaka zangu walizoea kukaa. Nilijiambia hayo ni maneno ya soko, yataishia sokoni.

Msomali wetu alifika siku nane baadaye, jua la utosi, na ng'ombe waliokonda mpaka mbavu zikahesabika. Safari hii alikuja na mke wake, na mama yake mzee akiwa juu ya ngamia. Hakuwa amekuja kuuza. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wale wa mistari minne. Mimi nilikuwa kisimani nachota. Akasimama nje ya miiba kama desturi inavyotaka, akanisalimia, akangoja baba ashuke.

Baba alishuka. Nadhani kibuyu alikishika kwa mazoea tu, maana alipokiona mkononi mwake alikiinamisha akakiweka mchangani.

"Mzee wangu," alisema Msomali wetu.

"Salamu nimepokea," alisema baba. "Lakini maji, hapana."

"Hapana? Mimi nimekosea wewe nini?"

"Hujanikosea. Lakini karatasi imesema, na mwenye kuisoma ni mtoto yangu. Huyu hawezi kunidanganya."

Msomali akanitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Hiyo karatasi iko wapi, binti yangu?"

Ilikuwa ndani ya kikapu changu. Siku hizo nilikwenda nayo kila mahali, hata kisimani, Mungu anisamehe.

"Basi nionyeshe mahali imesema."

"Mwonyeshe," alisema baba kwa fahari, naye akapanda hatua chache, akasimama juu ukingoni kutazama.

Nilisogea kwenye miiba nikaifungua karatasi. Nilikuwa na nafasi bado. Ningemwita baba, ningesema nilikosea, ningepata kofi moja na maisha yangeendelea. Lakini nilifikiri habari za soko la wiki ijayo. Nikatafuta mahali penye herufi kubwa nyeusi, kwa kuwa niliamini asiyejua kusoma huamini herufi kubwa zaidi. Nikaweka kidole.

"Hapa," nikasema kwa sauti ili baba asikie. "Hapa inasema Wasomali ni wapelelezi wa Mtaliano."

Aliinama juu ya miiba. Midomo yake ilicheza polepole, muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, tukasikia sisi wawili tu:

"Binti yangu, mimi nilikaa duka ya ndugu yangu kule Mwingi miaka mitatu. Hapa wameandika sabuni."

Nilingoja apaze sauti. Neno moja tu lingetosha: gazeti lingepelekwa misheni, baba angejua, na Msomali wetu angepewa maji kabla jua halijashuka. Alimtazama baba pale juu, amenyoosha shingo vilevile kama sokoni. Kisha akanitazama mimi. Akaikunja karatasi kwa kufuata mikunjo yake, akanirudishia juu ya miiba.

"Ni kweli, mzee wangu," alisema kwa nguvu. "Mtoto yako anasoma vizuri sana."

Akawageuza ng'ombe. Walikuwa wameshanusa maji, hawakutaka kuondoka, ikabidi yeye na mke wake wawapige. Yule mama mzee aliuliza kitu kwa lugha yao kutoka juu ya ngamia, nao wakaendelea kuwapiga ng'ombe. Watu waliotoka upande wa Mwingi siku zile walisema wamekuta mizoga njiani. Sikuuliza ya nani, na yeye hakupita kwetu tena.

Baba aliishi miaka mingine mingi. Kila mgeni alisimuliwa jinsi binti yake alivyosoma hata Msomali mwenyewe akakubali. Nilikuwa nikipita na uji nasikia, na baba akafa akijivunia uongo wangu. Sasa ninaishi Emali kwa mwanangu, na kila uchaguzi yupo mtu juu ya lori akituambia kwamba jirani wa ng'ambo ya mpaka ndiye aliyetumaliza. Vijana humtazama yeye. Mimi humtafuta anayeulizwa, "Si ndivyo?"

Siku ile baba alipopanda kurudi bomani nilibaki peke yangu. Kibuyu kilikuwa bado mchangani alipokiweka. Vumbi la ng'ombe lilikuwa halijatua. Nilikuwa na kiu, basi nikakiokota, nikachota, nikanywa.