Likizo Iliyokwama kwa Mama

Binti wa pili wa Bi Mkubwa alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, na kazi yake ilikuwa na wakubwa wawili ambao hawajawahi kuonana. Wa kwanza alikuwa mhandisi wa ng'ambo, mtu mpole, aliyemtumia kazi kila asubuhi: rekebisha ngazi hii, sogeza mlango ule. Lakini kampuni ya mhandisi huyo haikuandikishwa nchini, kwa hiyo haikuruhusiwa kumwajiri. Ikatafuta wakala wa hapa, mwenye ofisi ghorofa ya tatu juu ya duka la matairi, awe ndiye mwajiri kwa karatasi: mkataba kwake, mshahara kwake, kodi kwake, likizo kwake. Mchoraji akawa kama mtoto wa nyumba mbili. Njaa ikimshika, kila nyumba humwambia nenda ukale kule.

Miaka mitatu mambo yalikwenda. Yalikwama alipoomba siku nne tu. Mama yake alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hospitali ilikuwa imempangia upasuaji siku ya Jumanne. Akiikosa Jumanne hiyo, zamu nyingine ni baada ya miezi minane, na daktari hakuficha kitu: kufikia hapo mama atakuwa wa kushikwa mkono mpaka chooni. Tayari alikuwa amelisalimia koti lililotundikwa mlangoni, tena akanuna lilipokosa kuitikia.

Mhandisi alijibu siku hiyohiyo: nenda, mama ni mama, ila likizo yako haiko mikononi mwangu. Mchoraji akawapigia wakala.

"Dada, ombi lako tumeliona," alisema ofisa, msichana wa maneno ya haraka. "Linasubiri idhini ya msimamizi wako."

"Ameshakubali. Nimewaletea barua yake."

"Huyo ni mteja wetu, dada, si msimamizi. Msimamizi wa mahali pa kazi ni mwingine. Hapa naona ni mama mmoja hivi."

Mchoraji akafumba macho. Siku ya kuajiriwa, fomu ilidai jina la msimamizi aliyepo mahali pa kazi, na bila jina haikukubali kwenda mbele. Mahali pa kazi palikuwa meza moja kwenye chumba cha uani. Alipowauliza wakala, walimwambia andika mtu mzima yeyote anayeshinda hapo. Akamwandika mama yake, akasahau. Mama hakusahau. Kila mwaka mpya wakala walimletea kadi ya salamu kwa cheo chake, naye akazipanga kabatini mahali ambapo kila mgeni angeziona.

Ofisa akampigia huyo msimamizi. Mchoraji alikuwa pale pale sebuleni, akasikia kwa masikio yake.

"Ndiyo, ni mimi," mama alisema, mgongo umenyooka. "Siku nne? Hapana, binti yangu. Kazi hapa ni nyingi mno."

Akakata simu, akaiweka mapajani.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimesimamia."

"Likizo yenyewe ni ya macho yako!"

"Nani alikutuma? Macho ni yangu, nimeyazoea. Shangazi yako alikwenda na jicho bovu akarudi na tambara. Wewe umemsahau, mimi sijamsahau."

"Shangazi alitiwa dawa na mganga wa mtaani, mama. Hakupasuliwa."

"Ndivyo unavyosema wewe."

Mchoraji akauma meno, akarudi kwenye simu. Je, anaweza kubadilisha msimamizi? Anaweza, alisema ofisa, kuna fomu, nayo husainiwa na msimamizi anayeondoka. Na akienda bila idhini? Siku mbili za utoro, mkataba unakufa. Na kama msimamizi amekataa, sheria ya ofisi ni kwamba aandike sababu kwa mkono wake na kutia saini kabla ya saa kumi leo.

"Basi mletee karatasi," mchoraji alimwambia ofisa, kisha akajicheka mwenyewe kwa hasira, maana wa kuileta alikuwa ni yeye. Akaichapa, akaiweka mezani pamoja na kalamu.

"Nikuandikie?"

"Niandikiwe mimi? Darasa la saba zima hakukuwa na mwandiko kama wangu. Mwalimu alikuwa akiuzungusha madarasani. Kaa kando."

Akaandika polepole, ulimi umetokeza kidogo. Alipomaliza akaiweka kalamu chini kwa fahari.

"Soma. Mwandiko umekaaje?"

Mchoraji alitamani kudanganya. Alikuwa amechoka, na uongo ungekuwa mwepesi zaidi. Mwandiko wenyewe ulikuwa mzuri, herufi zimelala upande mmoja kama zimechanwa kwa kitana.

"Mzuri, mama," akasema. "Ila kwenye karatasi pana neno moja tu. Mengine yote yako mezani."

Mama akapeleka kidole, akatafuta ukingo wa karatasi, akaupata mbali na alipodhania. Akapapasa meza. Wino ulikuwa bado mbichi, ukamshika kidoleni. Akakifuta kwenye kanga.

"Watanifunga macho yote mawili kwa mpigo?"

"Moja moja. Moja linabaki wazi."

"Na utakuwepo?"

"Ndiyo hiyo likizo ninayoomba, mama."

"Lete karatasi nyingine. Uniwekee kidole pale mstari unapoanzia."

Akaandika *Nakubali*, akatia saini. Kisha, kwa kuwa cheo ni cheo, akaongeza kwamba siku ziwe tano badala ya nne, yeye hapendi kuharakishwa.

Saa kumi kasorobo ofisa alipiga. Idhini wameipata, wanashukuru, ila siku ya tano haikuombwa, kwa hiyo mwombaji ajaze fomu upya. Mchoraji akamwambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba siku nne zinatosha, akate hiyo moja, asimpigie mtu yeyote kuhusu jambo hilo.

"Wanasemaje?" mama akauliza.

"Wamekubali, mama. Panga nguo."