Asante Iliyomkimbiza Daktari

Mimi nikiumwa, mtaa mzima hujua. Siku ile maumivu yalianza kitovuni, yakahamia chini upande wa kulia, nami nikamtukana kila aliyeniambia nivumilie. Mama hakuniambia nivumilie. Alinipiga bomba. Kwetu Old Kampala, mtoto akiumwa tumbo, mzazi hutwanga majani, akayachuja, kisha akampulizia maji yake kwa nyuma mpaka tumbo lisafike. Ndivyo tulivyolelewa, wala sikubisha.

Mchana maumivu yakakatika ghafla. Mama akapiga vigelegele, akanipikia uji. Kumbe! Kabla ya alasiri homa ilipanda, tumbo likawa gumu kama ubao. Kaka yangu, mwanajeshi, akanipakia kwenye lendirova ya kikosi, tukaenda hospitali.

Miaka ile ya utawala wa kijeshi, sare ya jeshi ikiingia mahali, kila mtu alikumbuka kwamba ana shughuli kwingine. Benchi la wagonjwa lilibaki tupu. Sisi tena na Kiswahili chetu, ambacho Kampala nzima ilikijua kuwa lugha ya wenye bunduki! Aliyebaki alikuwa daktari wa upasuaji, Mganda mwembamba, wenzake wengi wameshaikimbia nchi. Alinibonyeza tumbo polepole, kisha akaachia kwa ghafla. Lo! Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

"Kidole tumbo," akasema. Akamgeukia mama. "Nnyabo, nyumbani mlimpa dawa gani?"

Mama akamtazama kaka, akainamisha macho. "Hakuna."

Kaka akapandwa na hasira. "Daktari, hii dada yangu ikikufa, wewe utaona!"

Nilikuwa nimelala mbele ya daktari, niliona mshipa wa shingo ukimpiga. "Afande," akasema, "naomba wewe toka inje. Ukisimama hapa, mama anaogopa kusema. Asiposema, huyu tutampoteza."

Wakati ule nani alimwambia mwanajeshi atoke nje? Lakini kaka alitoka. Sijui kati yao nani alishangaa zaidi.

Hapo mama akalia, akaeleza yote: bomba, nafuu ya mchana, uji. Nilingoja daktari amkaripie, maana madaktari wanajua kukaripia. Hakumkaripia. Alisema tu, "Basi kimepasukia ndani, nnyabo. Hatungoji." Nikapelekwa kupasuliwa.

Nilizinduka nikiwa na mrija tumboni wa kutolea usaha. Kila asubuhi daktari alikuja mwenyewe, akanusa bandeji, akauvuta mrija kidogo, akaufunga tena. Wauguzi aliwakataza kuugusa. Ukitoka mapema, alituambia, usaha utabaki ndani na kazi yote itakuwa bure. Mama alimwombea dua kwa sauti mpaka daktari akaona haya. Nami nilimpenda mtu yule, nasema wazi, kama nilivyompenda baba yangu.

Nilipoanza kuketi kitandani, kaka akaamua kushukuru. Na kaka yangu, Mungu amrehemu, alijua kushukuru kijeshi tu. Alikuja na wenzake wanne, lendirova ikafunga breki mlangoni, mmoja amebeba gunia la sukari, kitu ambacho Kampala ilikuwa imekisahau. "Daktari wapi?" akauliza kwa sauti ya gwaride.

Daktari alidhani wamekuja kumkamata, akatoroka kupitia jikoni. Mpishi alisema hata koti jeupe alilitupa kwenye kuni.

Nilimfokea kaka mpaka mshono ukaniuma. Naye alisimama pale na gunia lake, haelewi, machozi yanamlengalenga. Wagonjwa walinong'ona kwamba mtu huyo sasa yuko Kenya, na nani angemlaumu? Mama aliutazama mrija wangu, akaanza kusoma dua za mtu anayekata roho.

Kesho yake asubuhi daktari akaingia. Shati lile lile la jana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akavuta kiti, akafunua bandeji, akanusa.

"Nilifika Mukono," akasema, bila kunitazama. "Kuna gari ya kwenda mpakani, nimeshakaa ndani. Nikajiuliza, sasa ule mrija nani atautoa?"

Nikamshika mkono. Akangoja niuachie, akaendelea na kazi.

Watoto wangu wote nimewazaa baada ya hapo. Kila mmoja nimemwambia: wewe upo kwa sababu kuna mtu alishuka kwenye gari Mukono.