Komora, aliyenifundisha kupiga hodi hadi Hola

Kichwa changu bado kinakataa. Juzi tumemzika kaka Komora kwao Hewani, na leo asubuhi nimefika kazini nikamvutia kiti chake kama kawaida.

Kwa msiomjua: alikuwa fundi wa kompyuta wa ofisi yetu ndogo ya misaada hapa Garsen. Mimi nilikuja na digrii. Yeye alikuwa na bisibisi na subira.

Wiki yangu ya kwanza, login ya seva iliyoko Hola, makao makuu ya kaunti, iligoma. Huwa tunaingia huko tukianzia ndani ya virtual machine, kompyuta ya kufikirika inayoishi ndani ya laptop. Nikatambaa chini ya meza kukagua nyaya, nikatoka na utando wa buibui kichwani.

"Msomi, umepata nini huko chini?"

"Nyaya zote ziko sawa, kaka."

"Za laptop, sawa. Na waya wa huyo aliye ndani?"

Akafungua settings za virtual machine. Kumbe kompyuta ya kufikirika nayo ina waya wa kufikirika, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeuondolea tiki. Alicheka hadi akakaa sakafuni. Kisha akanywa chai yangu. "Faini," akasema.

Ping, ile amri ya kuiuliza kompyuta nyingine kama ipo, kwake ilikuwa hodi. Piga hodi kwa laptop unayoishi ndani yake, kisha kwenye lango la mtandao wa ofisi, kisha Hola. Usipoitikiwa, hapo ndipo penye ugonjwa. "Wewe unakimbilia Hola, hata jirani hujamsalimia."

Alikunywa chai yangu nyingi sana.

Leo majina ya familia zilizozingirwa na maji Kilelengwani yalitakiwa Hola kabla boti za chakula hazijaondoka. Login ikagoma. Mkono ukaenda kwenye simu nimpigie, ukarudi wenyewe.

Nikapiga hodi kwa laptop. Kimya. Nikafungua settings: tiki ipo, lakini virtual machine ilikuwa bado inasubiri Wi-Fi, na ofisini tunatumia waya. Niliibadilisha mwenyewe kule Hewani, msibani, nilipotumia hotspot ya simu.

Nikairudisha kwenye waya. Laptop ikaitikia. Lango likaitikia. Hola ikaitikia. Majina yakafika, boti zikaondoka.

Kosa lilikuwa langu, kaka, kwa hiyo chai yako iko mezani, mbele ya kiti chako.

Lala salama, Komora. Huko ulikofika, najua ulianza kwa kumsalimia jirani.